Titi Lililorejeshwa na Khiari ya Chuchu

Katika kata ya Zombo, wilayani Kilosa, upande wa jimbo la Mikumi, ambako Wasagara tangu kale hufuata nasaba kwa mama, na mtoto huhesabiwa kuwa wa ukoo wa mjombawe, si ajabu titi la mwanamke likapewa heshima ipitayo ile ya viungo vingine. Mwanamke wa huko akipatwa na saratani, rufaa humtoa kwao ikampeleka Morogoro na aghalabu Dar es Salaam, ambako huenda akapasuliwa katika hospitali ya Muhimbili, kisha akapata mionzi katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, ambayo jengo lake kongwe ni hospitali waliyoijenga Wajerumani kando ya bahari mwaka 1897, na ambayo ilifanywa taasisi kwa sheria ya mwaka 1996. Hurudi nyumbani akiwa hai, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Walakini maswali mengine huanza akiwa peke yake, mbele ya kioo.

Ilmu ya kulikata titi ni kongwe mno kuliko ilmu ya kulirejesha. Az-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki karibu na mwaka 1013, aliandika namna ya kuikata saratani na kuichoma kwa moto ingali ndogo, lakini akakiri, kwa unyofu ambao natamani matabibu wote wangekuwa nao, kwamba ikiwa kubwa na ya siku nyingi hakupata kumponya mtu, wala hakumwona aliyeponya. Baadaye sana, mwaka 1894, mpasuaji William Halsted wa Baltimore alitangaza njia yake ya kuondoa titi zima pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapa, na kwa muda wa miaka mingi njia hiyo ilitawala dunia, ilhali mwenyewe hakupenda kufunika jeraha kwa nyama ya kuhamishwa, akichelea kwamba maradhi yakirudi yangejificha chini yake. Hapana aliyemwuliza mgonjwa alipenda nini.

Hata hivyo hawakukosekana wapasuaji waliojaribu kulirejesha titi. Vincenz Czerny wa Heidelberg, mwaka 1895, alitoa uvimbe wa mafuta usio na madhara kiunoni mwa mgonjwa wake akaupandikiza pale titi lilipokuwa. Iginio Tansini wa Italia naye, mwanzoni mwa karne ya ishirini, alitumia ngozi na msuli wa mgongo, maarifa ambayo yalisahauliwa hata yakafufuliwa katika miaka ya 1970. Mwaka 1962, huko Houston, wapasuaji Cronin na Gerow walimtia mwanamke mfuko wa silikoni kifuani kwa mara ya kwanza; na mwaka 1982 mpasuaji Hartrampf akaeleza jinsi ya kufinyanga titi kwa nyama ya tumbo.

Chuchu nayo ina tarehe yake, yenye visa vya kustaajabisha. Wako waliochukua ngozi ya sehemu za siri kwa sababu ya rangi yake. Wako waliogawa nusu ya chuchu ya titi lililobaki. Na wako walioihifadhi chuchu iliyokatwa kwa kuipandikiza kinenani mpaka titi jipya liwe tayari, desturi iliyoachwa baada ya kuonekana kwamba saratani yaweza kuhamishwa pamoja nayo. Siku hizi mpasuaji aghalabu huikunja ngozi ya titi lenyewe hata ikasimama, miezi kadhaa baada ya titi kutulia, kisha rangi hutiwa kwa sindano. Hiyo chuchu haitoi maziwa, haina hisia kama ya asili, na kwa wengi hunywea kadiri miaka inavyopita. Na ngozi iliyopigwa mionzi hupona kwa shida zaidi. Wengine huridhika na rangi peke yake, iliyochorwa kwa ustadi hata jicho likadanganyika.

Hapo Mwislamu wa Zombo atauliza habari ya kuchanja rangi, maana maulamaa hukataza tatuu ya pambo. Lakini kuna hadithi mashuhuri ya Arfaja, aliyekatika pua vitani akaruhusiwa na Mtume kuvaa pua ya dhahabu, na kwa msingi kama huo wanazuoni wengi hutofautisha kuondoa ila iliyoletwa na maradhi na kujipamba tu. Kuhusu rangi yenyewe, na amwulize shehe anayemwamini.

Kwa rai yangu, wamekosea wote wawili: anayemwambia mwanamke kwamba bila chuchu hajakamilika, na anayemwambia bibi wa miaka sitini kwamba kwa umri wake hana haja nayo. Safari moja zaidi ya Dar es Salaam ina nauli, ina siku za shamba zilizopotea, ina kidonda kingine. Kuikataa ni haki yake, wala kuitaka si anasa. Wako wanaojaza kitambaa katika sidiria wakaishi kwa raha.

Nawaomba basi akina mama walioshika barua ya rufaa waulize kabla ya kukatwa: je, saratani yangu ilipo, chuchu yaweza kuachwa? Kwa baadhi ya wagonjwa yawezekana, na swali hilo likichelewa mpaka baada ya upasuaji huwa halina faida tena.