Pampu ya Mjomba

Mwaka 1996 vijana wanne walisukuma Benzi jeupe, 230E, mpaka mbele ya banda letu Gerezani, Dar es Salaam. Mwenyewe alifuata nyuma, koti begani. Mwalimu wangu wa kazi aliinama, akatega sikio karibu na gurudumu la nyuma, akaniambia nipige stata. Hakusikia mvumo wowote. “Pampu ya petroli imekwenda, mzee,” akamwambia mwenye gari. Yule bwana alikwenda kuulizia mpya, akarudi mnyonge: bei ilizidi mishahara yake ya miezi mitano. “Fundi, nitafutie mbadala.” Neno hilo limenilisha tangu siku ile.

Angekuwa na gari la zamani zaidi, asingehangaika hivyo. Nilipoanza kazi 1985 tulifungua Datsun, Peugeot 404 na Land Rover, zote za kabureta. Pampu yake inabanwa ubavuni mwa injini, inasukumwa na kemshafti, na ndani mna kiwambo tu. Kikichanika tunakata kingine. Mara ya kwanza nilikata tyubu ya tairi. Petroli iliilainisha ikawa kama uji kabla ya wiki kwisha, na kofi nililopata nalikumbuka mpaka leo. Pampu zile zilisukuma kwa pauni tatu au nne tu, hivyo kosa la fundi lilisameheka. Kubuni kulikuwa lazima. Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni ziliadimika, na spea ikawa kitu cha kuombea kibali. Bajeti ya 1984 ndiyo iliyomruhusu mwenye fedha zake nje aingize bidhaa, na taratibu mabanda yetu yakajaa vifaa vilivyokwisha kutumika ng’ambo.

Lakini 230E ni kabila jingine. Halina kabureta; petroli inapulizwa kwa nozeli. Bosch wa Ujerumani walitoa mfumo wao wa kupuliza, D-Jetronic, mwaka 1967, katika Volkswagen 1600. Mwaka 1973 wakaleta K-Jetronic, ambao ndio uliokuwa kwenye Benzi letu. Hiyo K inatokana na neno la Kijerumani lenye maana ya mfululizo: injini ikiwaka, nozeli zinapuliza bila kupumzika. Msingi wake wote ni mgandamizo, karibu bar 5, yaani pauni sabini na kitu. Tairi la gari dogo unalijaza pauni thelathini. Piga hesabu mwenyewe. Na mota ya pampu inazunguka ndani ya petroli, ambayo ndiyo inayoipoza. Wateja hushtuka nikiwaambia kuna umeme unaoogelea kwenye petroli. Hauwashi moto kwa kuwa mle ndani hamna hewa.

Sisi, kwa ujuaji wetu, tulifunga pampu ya Toyota. Toyota za EFI, yaani zinazopuliza petroli kwa umeme, zilikuwa zimeanza kuingia mjini, pampu zake rahisi, volti 12 zile zile. Stata ilizunguka mpaka betri ikalala. Gari likashika mara moja, likatetemeka, likazima. Tukaazima geji: haikufika hata bar 3. Hapo mwalimu wangu akaacha kuuliza pampu ipi inafanana kwa umbo, akauliza gari gani linanyonya kwa mfumo ule ule. Zikatajwa Volvo 240, Golf GTI ya kwanza, Audi 100. Akaziita wajomba wa Benzi. Tulipata ya Volvo kwenye gari lililopinduka, fundi wa kerezo akatuchongea kiungo cha shaba kwa sababu nyuzi za mdomo hazikulingana, na mzee akalipa chini ya robo ya bei ya mpya.

Siku ya tatu alirudi. Asubuhi linawaka, mchana likikaa juani nusu saa haliwaki. Tukailaumu pampu ya watu bure. Kilichochoka kilikuwa akiumuleta, kopo dogo linalotunza mgandamizo injini ikizimwa. Bila hiyo petroli inageuka mvuke kwenye mabomba, na joto la Dar mnalijua. Tangu hapo nimeona pampu nzima nyingi zikitupwa, pengine kwa lehemu tu iliyopasuka ndani ya relei, swichi inayoipa pampu umeme. Wengine huiruka relei kwa waya. Mimi sifanyi hivyo: gari likigonga na injini ikazima, pampu itaendelea kumwaga petroli.

Baadaye Corolla na Mark II zilifunika mji. Pampu yake imo ndani ya tenki. Kwenye Corolla nyingi unanyanyua kiti cha nyuma tu. Ubadilishaji ukawa kazi ya saa moja, pampu zikauzwa kwenye beseni kama dagaa. Kilichoziua haraka ni mazoea ya kutembea na tenki tupu, na mafuta ya kuchakachua. Kituo kimoja kiliniuzia petroli yenye harufu ya mafuta ya taa, nikapoteza pampu mbili mwaka mmoja. Ili kuunasa uchakachuaji huo, EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta 2010.

Siku hizi karibu na banda letu la zamani kuna kituo cha mwendokasi, nami nimehamia Buguruni. Mwenye 230E bado naweza kumsaidia. Aje na pampu yake ya zamani mkononi, namba isifutwe, na asinunue kitu njiani kabla sijakipima kwa geji.