Msimu wa baridi: Jiko la makaa chumbani ni hatari, zipo mbinu nafuu zaidi

KATI ya Juni na Agosti kila mwaka, maeneo ya nyanda za juu nchini Kenya, yakiwemo Nairobi, Limuru, Kinangop na Nyahururu, hukumbwa na baridi kali. Mawingu huziba jua, na usiku kiwango cha joto katika baadhi ya maeneo hayo hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi.

Nyumba nyingi huko hazikujengwa kwa kuzingatia baridi. Mabati hupoa upesi jua linapotua, na familia isiyomudu gharama ya umeme huingiza jiko la makaa chumbani, ikafunga milango na madirisha, kisha ikalala. Aghalabu hapo ndipo msiba huanzia.

Makaa yanapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hushikana na damu kwa nguvu inayoshinda ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo basi ubongo na moyo hukosa hewa.

Kinyume na dhana ya wengi, makaa yaliyokolea na kuacha kutoa moshi si salama. Karai la maji kando ya jiko haliondoi gesi hiyo, na makaa yaliyofunikwa kwa jivu huendelea kuitoa.

Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu usio wa kawaida. Watu kadhaa wa nyumba moja wakilalamikia hali hiyo kwa pamoja, yafaa watoke nje mara moja, wafungue milango na madirisha, kisha waende hospitalini. Watoto wachanga, wajawazito, wazee na wagonjwa wa moyo ndio walio katika hatari kubwa zaidi.

Hita ya umeme haitoi gesi hiyo, lakini bili yake ni nzito. Hita ya wati 2,000 hutumia uniti mbili kwa saa, yaani uniti 12 ikiwashwa kwa saa sita. Katika mpangilio wa bei ulioanza Aprili 2023, bei ya chini kabisa ilitengewa nyumba zisizozidi uniti 30 kwa mwezi, ilhali hapo awali kiwango hicho kilikuwa uniti 100. Kwa hivyo, usiku tatu tu za hita zatosha kuivusha familia mpaka huo.

Birika la umeme, kwa upande mwingine, huchemsha lita mbili za maji kwa takriban robo ya uniti. Maji hayo yakiachwa yapoe kidogo, yakatiwa katika chupa ya mpira iliyoundwa kwa kazi hiyo na kuzungushiwa kitambaa, hupasha kitanda joto kwa saa kadhaa. Kupasha mwili joto ni nafuu kuliko kupasha chumba kizima.

Mbinu nyingine ni kuvaa nguo nyepesi kadhaa badala ya moja nzito, soksi na kofia hata kitandani, kutandika mkeka au zulia sakafuni, na kuziba nyufa za mlango kwa matambara. Hata hivyo, nyufa zisizibwe na upenyo wa hewa usifungwe mahali panapowashwa moto wa aina yoyote, iwe makaa, gesi au mafuta ya taa.

Gharama ya kupika pia yaweza kupunguzwa. Maharagwe na githeri zikirowekwa usiku kucha huiva upesi. Zikishachemka vyema, sufuria yaweza kufunikwa na kuwekwa katika kapu lililozungushiwa blanketi ili chakula kiendelee kuiva bila moto.

Anayelazimika kutumia makaa apikie nje au penye hewa ya kutosha. Kabla ya kulala, jiko libaki nje, mbali na mlango na watoto, hata likionekana limezimika.