Springi Sio Mapambo: Historia ya Gurudumu la Nyuma, Kutoka Black Mamba Hadi Boxer

Wacha niseme kitu kitakachoudhi watu: ile baiskeli ya springi katikati ya fremu, ile kila kijana wa mtaa amewahi kuitamani, kwa kazi ya Kitui na Makueni inashindwa na Black Mamba ya babu. Sisemi kwa mbio, wala kwa kupiga picha. Nasema kwa kazi. Na sababu haiko kwa gia wala kwa uzito. Iko nyuma, pale gurudumu linaposhikana na fremu.

Najua kuna mtu ashaanza kuniita mzee kwa mwili wa kijana. Tulia kwanza. Mimi napenda springi. Shida yangu ni springi iliyowekwa bila hesabu, alafu sisi tunauziwa kama maendeleo. Ndio ujue tofauti, lazima turudi nyuma kidogo.

Mashine isiyo na springi ya nyuma

Black Mamba ilizaliwa Uingereza, na jina kubwa lilikuwa Raleigh ya Nottingham. Baadaye zikaja Hero kutoka India na Phoenix kutoka China, umbo ni lile lile: fremu ya chuma, magurudumu makubwa ya inchi 28, foku iliyolala mbele, breki za vyuma, keria nzito. Springi zake ziko mahali pamoja tu: chini ya kiti.

Hapo ndipo watu hudhani ni ushamba. Lakini angalia vizuri. Springi ya kiti inamlinda mwendeshaji peke yake. Mzigo unakaa kwa keria, keria imefungwa kwa fremu, na fremu imeshika ekseli moja kwa moja. Mzigo haurukiruki. Nguvu ya mguu haipotei kwa kubonyeza springi, yote inaenda kwa cheni. Na hata ukiongeza mtungi wa pili, wa tatu na wa nne, baiskeli haishuki hata sentimita moja, kwa sababu hakuna cha kushuka.

Sasa weka hiyo kwa Ukambani. Mito mingi kule ni mchanga kwa sehemu kubwa ya mwaka. Maji yako chini ya mchanga, ndio maana watu huchimba visima kwenye mto, na vikundi vya mwethya vimejenga mabwawa ya mchanga miaka mingi. Ukishateka, unapanda kutoka mtoni na mitungi ya lita 20. Kila mtungi ni kilo 20. Minne ni kilo 80, zaidi ya uzito wa vijana wengi wanaosoma hii. Kwa barabara ya mawe na mifereji, kitu unachotaka kwanza sio raha. Unataka mzigo utulie.

Kwa hivyo Black Mamba ilijibu swali kwa kukataa springi ya nyuma. Jibu gumu, lakini jibu.

Swali lenyewe ni la mtaimbo

Jibu la pili halikuanzia kwa baiskeli. Lilianzia kwa pikipiki za motokrosi. Mhandisi Mbelgiji, Lucien Tilkens, alibuni mfumo wa shokapu moja badala ya zile mbili za pembeni. Yamaha wakauchukua, na mwaka 1973 Håkan Andersson wa Sweden akashinda ubingwa wa dunia wa motokrosi wa sisi 250 akiwa nao. Baadaye wazo hilo likaingia kwa Yamaha za DT, zile pikipiki ambazo mashambani Kenya zilijulikana kwa mapadri na maafisa wa miradi. Yaani ufundi wa mashindano ulipita kwa vumbi letu zamani sana.

Halafu, kufikia 1980 na 1981, Wajapani wakaongeza kitu kipya: viungo. Kawasaki walikuja na Uni-Trak, Honda na Pro-Link, Suzuki na Full Floater. Badala ya shokapu kushika mkono wa nyuma moja kwa moja, katikati kuna vipande vidogo vya chuma vinavyozunguka kwa bawaba. Vinafanya nini?

Chukua mtaimbo. Unataka kuinua jiwe. Jiwe dogo la kuegemea likiwa karibu na mzigo, unainua kwa urahisi, lakini mkono wako unasafiri mbali. Ukilisogeza mbali na mzigo, unasafiri kidogo na unatoa jasho zaidi. Mtaimbo ni ule ule, mzigo ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali pa kuegemea.

Viungo vya nyuma ni mtaimbo unaojisogezea wenyewe jiwe lake. Mwanzoni gurudumu linapata urahisi mkubwa juu ya springi, kwa hivyo linapita kokoto bila kukutingisha. Likizidi kupanda, urahisi unapungua, na springi ile ile inahisi kama imekuwa ngumu. Tuseme mwanzoni gurudumu linasafiri milimita 3 kwa kila milimita 1 ya shokapu, na mwishoni milimita 2.4 kwa 1. Huo uwiano umeshuka kwa asilimia 20. Kwa gurudumu, nguvu ile ile ya springi sasa inafika ikiwa kubwa zaidi kwa robo nzima. Hiyo ndiyo progresheni: kulegea mwanzoni, kukaza mwishoni.

Na usidhani ni kitu kidogo. Mmarekani Donald Richardson aliwashtaki Suzuki kwamba Full Floater imetumia ubunifu wake, na mwaka 1989 mahakama ya rufaa kule ikaamua upande wake. Watu wamepelekana kotini kwa sababu ya vipande vya chuma unavyoweza kuficha kwa mfuko wa shule.

Milima ya California

Mwaka huo huo wa 1989 ndio RockShox ilianzishwa Marekani na kuleta foku za springi kwa baiskeli za milimani. Nyuma ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu baiskeli ina shida ambayo pikipiki haina: injini ni wewe. Kila ukikanyaga pedali, cheni inavuta gurudumu la nyuma na uzito wako unarudi nyuma. Viungo vikikaa vibaya, nusu ya chai yako ya asubuhi inaishia kubonyeza shokapu.

Waliolitatua walitoka kwa pikipiki. Mert Lawwill alikuwa bingwa wa mbio za pikipiki Marekani. Horst Leitner, Mwaustria aliyehamia California, alikuwa mtu wa motokrosi. Leitner aliweka bawaba moja mbele ya ekseli ya nyuma, chini kidogo, na hicho kitu kidogo kikatenganisha kazi ya breki, ya cheni na ya springi vizuri kuliko mkono mmoja ulionyooka. Mwaka 1998 Specialized wakanunua haki za ubunifu huo, na kwa miaka mingi makampuni mengine yakalazimika kulipa au kutafuta njia nyingine.

Kumbuka lakini: hawa wote walikuwa wanachora kwa ajili ya mtu mmoja, uzito mmoja, anayeshuka mlima na kuruka mawe. Kwao "mwisho wa springi" ni pale unapotua kutoka hewani. Hakuna aliyekuwa anafikiria mitungi.

Nakala bila hesabu

Kisha zikaja zile za kontena. Wewe unazijua: fremu nene, rangi kali, springi kubwa katikati, ziko kwa maduka na kwa mitumba. Nyingi ni mkono mmoja na bawaba moja, shokapu imebanwa kati ya mkono na fremu. Hakuna viungo. Kitu kilichonakiliwa ni sura.

Fanya hesabu na mimi. Una kilo 65, na kama kilo 39 zinaangukia gurudumu la nyuma. Tuseme springi yako isiyokaza imeshuka robo ya safari yake ukikaa tu. Funga mitungi miwili kwa fremu, juu ya gurudumu la nyuma: kilo 79, umeshuka nusu. Funga minne: kilo 119, umeshuka robo tatu. Bado hujakanyaga shimo hata moja, na imebaki robo tu ya kupokea mashimo yote ya kwenda nyumbani. Kila shimo la maana litagonga chuma kwa chuma.

Na hapo nimekuhurumia, kwa sababu keria ya kawaida haifai hata kufungwa. Keria inataka kushika nguzo ya kiti na ekseli kwa pamoja. Kwa baiskeli hii, vitu hivyo viwili vinasogeleana kila ukipita bonde. Boliti itaisha, au keria itapinda, na mtoto aliyetumwa maji ataanguka na kilo 40 nyuma yake. Hiyo sio stori ya swag tena.

Boxer ilielewa mzigo

Jibu la tatu lilikuja na boda boda. Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki za chini ya sisi 250, na pikipiki za India zikajaa mpaka vijiji ambavyo matatu ilikuwa inapita mara moja kwa siku. Kutoka Wote mpaka Mutomo, jina likawa Boxer.

Tazama nyuma ya Boxer. Hakuna viungo vya Kijapani. Kuna mkono wa chuma na shokapu mbili za pembeni, muundo wa kabla ya Tilkens. Lakini Bajaj walitangaza kitu kimoja kwa sauti: springi ndani ya springi. Wazo la springi mbili ni kutafuta kile kile ambacho viungo vinatafuta, mwenendo mmoja kwa mzigo mwepesi na ukakamavu zaidi kwa mzigo mzito, bila kuongeza bawaba hata moja. Kwa sababu mzigo wa boda haukai pahali pamoja. Saa mbili ni dereva peke yake. Saa mbili na nusu ni mama na mtoto na gunia la ndengu. Saa tatu ni mbuzi.

Na kwa nini kuogopa bawaba? Vumbi. Baiskeli ya viungo vinne inaweza kuwa na beringi nane nyuma peke yake. Kila moja ni mlango wa mchanga. Kule California kuna duka la kukuuzia nyingine. Kule Ikutha utatafuta mpaka ukate tamaa.

Kejeli tamu kuliko zote

Sasa hii ndiyo naipenda. RockShox ilinunuliwa na SRAM ya Chicago mwaka 2002. Mmoja wa waanzilishi wa SRAM ni F.K. Day. Mwaka 2005 huyo huyo Day akaanzisha World Bicycle Relief, shirika linalotengeneza baiskeli ya Buffalo, ambayo iko Kenya pia. Yaani mtu ambaye kampuni yake inauza baadhi ya shokapu maarufu zaidi duniani, alipokaa chini kuunda baiskeli ya barabara zetu, gurudumu la nyuma alilipa springi ngapi? Sufuri. Alilipa keria ya kubeba kilo 100.

Hiyo sio kutudharau. Ni mtu anayejua springi kabisa, akajua pia wakati wa kuiacha.

Maoni yangu

Historia hii inafundisha kitu kimoja: nyuma ya baiskeli huchorwa kuanzia mzigo, sio kuanzia picha. Black Mamba, Boxer na baiskeli ya kweli ya viungo ni majibu matatu tofauti, na yote ni ya heshima kwa sababu kila moja lilijua linajibu nini. Ile ya kontena haikujibu mtu. Iliuzwa tu.

Kwa hivyo ukiwa unataka kushuka vilima vya Mbooni au Nzaui kwa raha, na uko na pesa ya beringi, nunua ya viungo, nitakupigia makofi. Ukiwa na kazi ya kubeba, nunua fremu ngumu na uweke pesa kwa tairi pana, ambayo ni springi ya bei rahisi isiyo na boliti.

Lakini neno langu hasa ni kwa wale walio polytechnic sasa hivi wanajifunza kuchomelea, na wale wanaounda pikipiki za umeme pale Nairobi. Barabara ya Kibwezi hadi Kitui imewekwa lami, lakini kisima bado kiko chini, kwa mchanga. Msinakili sura ya mtu aliyekuwa anaruka mawe. Pelekeni fremu mtoni, mpakie mitungi minne, mpande nayo mpaka juu, ndio mchukue kalamu. Hesabu ya mtaimbo ni ile ile California na Kitui. Mzigo ndio wetu, na hakuna mwingine atauchora kwa niaba yetu.