Kariakoo: Kutoka uwani hadi ghorofani

Kila jengo jipya la apatimenti linapochomoza Kariakoo, fremu za maduka chini na makazi juu, husikika kilio kwamba uswahilini ndiyo basi tena. Historia ya mtaa huu haikubaliani na kilio hicho. Wajerumani walichora mitaa yake iliyonyooka kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916 wakaweka hapo kambi ya wapagazi wao wa Carrier Corps, ndiyo asili ya jina. Uzunguni kukawa upande wa baharini, Uhindini katikati, na Waafrika wakawekwa ng'ambo ya Mnazi Mmoja, uwanja ulioachwa wazi kama mpaka. Katika viwanja vidogo vya ng'ambo hiyo ndipo ilipoenea nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba kulia na kushoto, na nyuma uwani penye jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akapangisha. Familia nyingi chini ya paa moja, basi, ni jambo la kale Kariakoo. Wapangaji walifagia uwani kwa zamu, na choo kikijaa kila mtu alijua mlango wa kubisha.

Kilichobadilika ni mlango huo. Ghorofa zilikuwapo mjini tangu zamani, na nyingi ziliangukia mikononi mwa Msajili wa Majumba, na baadaye Shirika la Nyumba la Taifa, baada ya serikali kutaifisha majengo mwaka 1971, lakini aliyeishi humo alikuwa mpangaji tu. Biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980 na kuendelea, kiwanja cha Kariakoo kikawa na thamani kubwa kuliko nyumba iliyosimama juu yake. Warithi wakatoa ardhi, mwekezaji akatoa fedha, wakagawana sakafu. Kisha ikaja sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo. Sasa apatimenti ya ghorofa ya tano yaweza kuwa na hati yake, huku ngazi, lifti na paa vikiwa mali ya wamiliki wote kupitia chama chao. Kwangu mimi badiliko hili ni zito kuliko urefu wa jengo lolote.

Wapo wanaosema apatimenti zinaua ujirani. Ni kweli uwani umetoweka, na watoto wanachezea kwenye korido. Lakini pampu ya maji ikifa, wamiliki hawana pa kukimbilia ila kuketi pamoja na kuchanga. Hoja nzito zaidi ni ya usalama: ghorofa lililoporomoka katikati ya jiji Machi 2013 liliua watu zaidi ya 30, na la Kariakoo, tarehe 16 Novemba 2024, zaidi ya 20. Siwezi kuipuuza, wala haihitimishi kwamba turudi kwenye nyumba za chini. Inaonyesha kwamba nguzo za jengo ni mali ya wote, na mwenye fremu anayebomoa ukuta kupanua duka anagusa uhai wa aliye juu yake. Kwa hiyo chama cha wamiliki kinachokutana kwa ajili ya ada ya ulinzi tu hakitoshi. Mnunuzi adai kwanza kuona kibali cha ujenzi na michoro iliyoidhinishwa, ahesabu kama sakafu zilizojengwa ndizo zilizoruhusiwa, ndipo aanze kukagua vigae na makabati ya jikoni.