Tubu ya LED: Hesabu Yake Ilianza 1938

Kila mtu mwenye duka, kinyozi ama cyber ameshaulizwa na fundi wa stima: hizi tubu za zamani tuzitoe tuweke LED, ama tungoje ziungue zenyewe? Jibu langu ni toa. Lakini si kila mahali kwa haraka moja, na historia inaonyesha kwa nini.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1938, General Electric ya Marekani ilianza kuuza tubu za floresenti. Ndani ya kile kioo kuna mvuke wa zebaki. Stima ikipita, zebaki inatoa miale ambayo macho hayaoni, halafu ule unga mweupe uliopakwa ndani unaigeuza kuwa mwanga. Kwa stima ileile, tubu iliishinda balbu ya waya zaidi ya mara mbili.

Sasa sikia hii. Kampuni za umeme za huko hazikufurahi. Biashara yao ni kuuza stima, na taa inayokula kidogo ni mteja anayelipa kidogo. Basi tubu ikanadiwa kama taa ya mwanga mwingi, si taa ya kuokoa pesa. Maofisi na viwanda vikajaza dari.

Mwaka wa 1962, kwenye hiyo hiyo General Electric, Nick Holonyak akatengeneza LED nyekundu. Poa, lakini huwezi kufundisha darasa na taa nyekundu. Kupata mwanga mweupe ilihitajika bluu, na bluu ilisumbua watu karibu miaka 30. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura ndio waliitatua Japani mwanzoni mwa miaka ya 90. Mwaka wa 2014 wakapewa Nobel ya fizikia. Hapo ndipo tubu ya LED ilitoka.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini hesabu hii haitaki digrii. Tubu ya futi nne ni wati 36. Ongeza ile choki ya chuma, inafika kama 45. LED ya kiasi hicho ni wati 18. Umeokoa 27. Tuseme yuniti ni bob 25 na tubu mpya ni bob 500. Duka linalowasha saa 12 kwa siku linaokoa kama bob 8 kila siku, kwa hivyo pesa yako imerudi kwa miezi miwili. Bedsitter inayowasha saa mbili itangoja mwaka mzima. Unaona? Kinachoamua si bei ya tubu. Ni masaa.

Kwa hivyo anza na ile taa isiyozimwa: korido, jikoni ya hoteli, ngazi za ploti. Store unayoingia mara moja kwa wiki ingoje. Na muulize fundi kama hiyo LED inataka choki itolewe, maana ikibaki inaendelea kula stima yake.

Kuna kitu kingine ambacho tokeni haihesabu: zebaki. Mwaka wa 2009, hapa hapa Nairobi, serikali za dunia zilikubaliana kuanza kujadili mkataba wa zebaki. Ukapitishwa 2013 na kupewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako zebaki ya kiwanda iliingia baharini na kulemaza watu waliokula samaki. Mwaka wa 2023 nchi wanachama ziliamua kutengeneza na kuuza nje tubu za floresenti kukome ifikapo mwisho wa 2027. Yaani hata ukingoja, dukani zitaisha. Na ile unayovunja na kutupa jalalani, anayevuta ule mvuke ni kijana anayeokota chupa.

Badilisha basi, lakini usirudie ya Wamarekani. Ukiokoa wati 27 halafu ukaongeza taa mbili juu ya kaunta, umerudi ulikotoka, na kampuni ya stima inakushukuru.