Chuo, Siyo Chuo Kikuu

Mama yangu, akiwa Muheza, alijua nasoma chuo kikuu Marekani. Sikumdanganya waziwazi. Nilimwambia nimepata chuo. Neno lililobaki aliliongeza mwenyewe, akawatangazia majirani, nami nikanyamaza. Ukweli ni kwamba mwaka 2014 nilijiandikisha katika chuo cha jamii hapa California, chuo cha miaka miwili kinachompokea yeyote anayebisha hodi. Usiku nilifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Nia yangu ilikuwa kumaliza miaka ile miwili, kisha kuhamia mwaka wa tatu Berkeley.

Nilifanyishwa mtihani kwenye kompyuta, nikapangiwa hesabu na Kiingereza cha chini, masomo unayoyalipia lakini chuo kikuu hakiyahesabu. Baadaye mshauri wa masomo, mama mmoja mpole sana, akanisogezea kipeperushi cha kozi fupi ya uuguzi msaidizi. "Una moyo wa kuhudumia watu," alisema. Nilitoka ofisini nikimshukuru. Ilinichukua wiki nzima kung'amua kwamba nilikuwa nimekatazwa.

Jina la jambo lile nililikuta maktaba. Mwaka 1960 mwanasosholojia Burton Clark, aliyechunguza chuo cha aina hii mjini San Jose, aliandika kwamba vyuo hivi vina kazi isiyotangazwa: kumpoza mwanafunzi. Mtihani, masomo ya chini, mazungumzo na mshauri, hatua kwa hatua, mpaka mwenye ndoto ya chuo kikuu aiteremshe mwenyewe bila kumlaumu mtu. Wazo hilo Clark aliliazima kwa Erving Goffman, ambaye mwaka 1952 alikuwa ameandika juu ya matapeli: wakishamla mtu fedha zake, mmoja wao hubaki nyuma kumtuliza asilete fujo. Nilisoma ukurasa ule mara tatu. Kipeperushi kilikuwa bado begini.

Njia yenyewe ya kuhama ni ya zamani. Jackie Robinson, kabla ya kuwa Jackie Robinson wa besiboli, alitoka chuo cha miaka miwili cha Pasadena akaingia UCLA mwaka 1939. Lakini yeye alikuwa na miguu iliyotafutwa. Mimi nilikuwa na viatu vya zamu ya usiku. Kwa watu kama mimi njia ilipimwa mwaka 1960, mwaka uleule wa makala ya Clark, California ilipopitisha Mpango Mkuu wa elimu ya juu. Clark Kerr, rais wa Chuo Kikuu cha California, alikuwa miongoni mwa wasukaji wake. Kizazi kikubwa kilichozaliwa baada ya vita kilikuwa kinakaribia milango ya vyuo, na nafasi hazikutosha. Ikakubaliwa: chuo kikuu kichukue asilimia 12.5 ya juu ya wanaomaliza sekondari, vyuo vya jimbo theluthi ya juu, vyuo vya jamii vipokee wote. Kisha wanaofanya vizuri huko wahamie juu.

Wengi huusifu mpango huo kama ngazi, na ni ngazi kweli, nimeipanda. Ila ulitungwa pia ili maelfu waanzie kwingine, wasiisonge Berkeley. Ngazi na kizuizi vilichorwa kwenye karatasi moja, na sidhani waliochora waliona aibu yoyote.

Sikurudi kwa yule mshauri. Nilichapisha orodha inayoonyesha somo gani la chuo changu linahesabiwa Berkeley, nikaibandika kwenye friji, nikawa nafuta moja moja kwa kalamu. Miaka miwili ikawa minne. Maombi niliyatuma Novemba 2017. Aprili iliyofuata nilifungua jibu jikoni kazini, saa nane usiku, chai ya wazee ikichemka.

Muheza ilikuwa saa sita mchana. Nikapiga simu.

"Mama, nimepata Berkeley. Chuo kikuu."

Akanyamaza kidogo. "Alhamdulillahi. Sasa hicho ulichopo, mwanangu, kimekukosea nini?"

Nikazima jiko, nikavuta kiti, nikaanza na ule mtihani wa kompyuta.