Njia ya Karatasi: Kutoka Masijala ya Kijerumani hadi Skana

Mgeni aingiapo katika ofisi kongwe ya serikali huangalia kwanza meza ya mkuu wa ofisi. Hapo ndipo anapodhani mambo huamuliwa. Lakini ni mara chache barua kuifikia meza ile kabla ya kupita katika chumba kingine, aghalabu cha nyuma, chenye rafu na vumbi, kiitwacho masijala. Neno hili ni ndugu wa neno sajili, na yote mawili yametoka katika Kiarabu. Katika chumba hicho karani huipokea barua, huipiga mhuri wa tarehe, huiandika katika daftari, kisha huitafutia jalada lake. Barua isiyopata jalada ni kama mtu asiye na kwao: ipo, lakini hakuna anayewajibika kwa ajili yake.

Tunaanza na chumba hicho kwa sababu siku hizi ofisi nyingi, za serikali na za makanisa, zinazipitisha karatasi zao katika skana na kuzipeleka kwa wahusika kwa njia ya kompyuta. Husemwa kwamba huu ni utaratibu mpya kabisa. Sisi tunaona kwamba upya wake ni nusu tu. Kuifanya karatasi kuwa picha ni jambo jipya. Kuamua picha hiyo iende kwa nani, na ikae pamoja na karatasi zipi, ni kazi ileile ya karani wa masijala, nayo ina historia ndefu katika nchi yetu.

Serikali ya Ujerumani ilipoichukua nchi hii kutoka mikononi mwa kampuni mwaka 1891, ilikuja na desturi za ofisi za Prussia. Barua ilipewa namba katika daftari la kila siku, ikatiwa katika jalada la jambo lake, na karatasi za jalada zikashonwa kwa uzi na kutiwa namba kwa mfuatano. Lililo muhimu kwetu ni mahali uamuzi ulipoandikwa. Afisa hakuchukua karatasi nyingine. Aliandika juu ya barua ileile iliyomfikia: pambizoni, chini ya sahihi ya mwandishi, au mgongoni mwa karatasi. Mara nyingi hata rasimu ya jibu iliandikwa hapo hapo. Jambo lilipokwisha aliweka herufi z.d.A., maana yake iwekwe jaladani. Kwa hiyo karatasi moja ilibeba ombi, shauri la ofisi, jibu na mwisho wake.

Na barua nyingine zilikuwa za Kiswahili. Watu wa pwani walikuwa wakiandikiana kwa herufi za Kiarabu tangu zamani, na C. G. Büttner, aliyefundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki kilichofunguliwa Berlin mwaka 1887, alichapisha mkusanyo wa maandishi kama hayo mwaka 1892. Barua ya namna hiyo ilipofika bomani, haikuweza kuingia katika njia ya ofisi mpaka isomwe na kufasiriwa. Hapo ndipo walipohitajika makarani, wakiwamo wale waliotoka katika shule ya serikali ya Tanga. Mtu ambaye jina lake halikuonekana popote ndiye aliyeigeuza sauti ya jumbe kuwa jambo ambalo afisa wa Kijerumani aliweza kulitolea amri. (Tusidhani kwamba maneno yalikwenda upande mmoja tu: Wajerumani nao walilichukua neno shauri, wakaliandika kwa tahajia yao, likawa neno la kawaida katika vitabu vya mabaraza yao.)

Waingereza walibadili mpangilio. Katika jalada lao barua ziliwekwa upande wa kulia, kila moja ikawa folio yenye namba ya wino mwekundu. Upande wa kushoto yakawekwa madokezo, ambamo maofisa waliandikiana kwa kuitaja folio namba fulani. Barua yenyewe ikabaki safi. Huo ndio utaratibu ulioendelea baada ya Uhuru, na msomaji aliyepata kufanya kazi serikalini anazijua herufi B.U. zilizomwamuru karani alirudishe jalada siku fulani, na P.A. zilizomwamuru alipumzishe.

Majalada ya Kijerumani yalipata misukosuko mingi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza mengine yalifichwa, mengine yakapotea. Yaliyosalia yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Wataalamu wa Kijerumani walisaidia kuyapanga mwishoni mwa miaka ya 1960, orodha yake ikatolewa Marburg mwaka 1973, na mwaka 1997 yaliingizwa katika daftari la UNESCO la Kumbukumbu ya Dunia. Anayeyasoma hujifunza upesi kugeuza kila karatasi.

Mashine ya kuipiga karatasi picha kwa ajili ya kompyuta ilianza kwa udogo. Mwaka 1957 Russell Kirsch na wenzake, katika taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, waliiingiza katika kompyuta picha ya mtoto wake mchanga. Picha ilikuwa na upana wa sentimita 5, nayo ikagawanywa katika vitone 176 kwa 176. Mwaka 1976 Raymond Kurzweil alionyesha mashine ya kuwasomea vipofu, iliyotambua herufi za chapa za namna mbalimbali. Tangu hapo kompyuta imeweza kuisoma barua iliyopigwa chapa. Lakini mwandiko wa haraka wa afisa, pambizoni, ni jambo jingine.

Hapa Tanzania Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ilipitishwa mwaka 2002, Wakala ya Serikali Mtandao ikaanzishwa mwaka 2012, na Sheria ya Serikali Mtandao ikafuata mwaka 2019. Ofisi za umma zikaanza kuingia katika mfumo wa Ofisi Mtandao. Atazamaye mfumo huo kwa makini atalitambua jalada la Mwingereza: barua hupokelewa, hupitishwa katika skana, hupewa namba ya rejea na jalada, kisha hupelekwa kwa mkuu, naye huandika dokezo la kumwelekeza mhusika. Karatasi mpya hupita vizuri katika njia hiyo, kwa kuwa mfumo ulijengwa kwa sura yake. Taabu ni karatasi za zamani, ambazo uamuzi wake umo katika mwili wa barua yenyewe. Tena Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 huitaka mahakama, inapopima uzito wa kumbukumbu ya kielektroniki, itazame jinsi ilivyotengenezwa na kutunzwa. Picha ya upande mmoja wa karatasi ina maelezo magumu ya kutoa mbele ya hakimu.

Tumeona jambo hili kwa macho yetu katika ofisi moja ya kanisa, ambayo hatutaitaja. Vijana wenye bidii walizipitisha katika skana barua za zamani za viwanja vya usharika, upande wa mbele tu, na kila picha ikapewa jina la namba tupu. Kisha karatasi zikateketezwa ili kupata nafasi. Baadaye ulizuka ugomvi wa mpaka na jirani. Barua ya kuomba kiwanja ilipatikana baada ya siku nne za kufungua picha moja moja. Kibali hakikuonekana. Mzee mmoja, aliyekuwa karani wa ofisi hiyo kabla ya kustaafu, alipoitwa alisema bila kusita kwamba kibali kiliandikwa mgongoni mwa barua ileile, pamoja na sahihi za mashahidi wawili, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeipiga mhuri. Baraza la ardhi lilimwandika kuwa shahidi. Alifariki kabla ya siku ya kusikilizwa.